Vitufe Vitatu vya Karani

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Karani alikaa kwenye kiti chake, akavinyoosha vidole mpaka vikalia, akabonyeza vitufe vyake vitatu kwa pamoja: Kontroli, Alti na N. Akasubiri. Kompyuta ilikuwa ikivuma kama kawaida, maana feni yake ilikuwa mbovu tangu siku iliyonunuliwa mkononi mwa mtu. Ila sauti haikutoka. Akabonyeza tena, safari hii akivikandamiza kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Kimya.

"Bibie," aliita, "mke mwenzio kanuna."

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, hatua tatu kutoka pale, akishona sare za shule. Alicheka. Huo ulikuwa utani wao wa nyumbani. Karani hakuwa akiona, na kila kilichoandikwa ndani ya kompyuta alisomewa kwa sauti ya mwanamke fulani asiye na mwili, mwenye kutamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Kwa kuwa sauti hiyo ilishinda masikioni mwa mumewe tangu asubuhi hadi jioni, mkewe aliipa cheo cha mke mwenza, na akaishi nayo kwa amani kuliko wake wenza wengi. Vitufe vitatu ndivyo vilivyoiamsha. Kompyuta ilikuwa kuukuu, ikiwashiwa kila kitu kwa mkupuo inaganda, kwa hiyo mwalimu wa chuo cha wasioona aliyemtengenezea aliiacha sauti ilale hadi iitwe.

"Mbembeleze," alisema mkewe.

"Nimembembeleza. Haitiki."

Aliizima kompyuta, akaiwasha. Akachomoa waya wa umeme, akaurudisha. Akapuliza katikati ya vitufe, ingawa alijua vizuri kwamba vumbi halichagui vitufe vitatu na kuacha vingine vyote. Akabonyeza mara kumi na moja, akihesabu. Alipofika ya kumi na moja, utani ulikuwa umekwisha, na cherehani nayo ilikuwa imenyamaza.

"Leo ndiyo siku yenyewe?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo leo. Saa kumi na moja jioni."

Kazi ya Karani ilikuwa kusikiliza rekodi za vikao vya watu na kuandika kila neno lililosemwa, nani kasema, nani kamkatiza nani. Ilikuwepo ofisi moja iliyolipwa kwa kazi hiyo, nayo ikawagawia watu walioandikia majumbani. Alijibu tangazo lao, akatumiwa jaribio kwa barua pepe, akalifaulu, akapewa miezi mitatu ya kutazamiwa kabla ya mkataba wa kudumu. Hakuna aliyemwuliza kama anaona. Hakudanganya, hakuulizwa. Leo miezi mitatu ilikuwa inatimia, na kazi ya mwisho ilikuwa mkutano wa wapangaji wa jengo la ghorofa tisa waliogombana saa mbili nzima juu ya lifti iliyokwama. Alikuwa ameshaandika kurasa ishirini na tatu. Zilibaki dakika ishirini za rekodi, zile ambazo wote wanaongea kwa pamoja na mama wa ghorofa ya sita analia.

Lakini mkataba wa kudumu haukuwa jambo lililomnyima usingizi. Kulikuwa na Mhariri. Mhariri alikuwa mwanamke ambaye Karani hakuwahi kumsikia sauti, alimjua kwa barua pepe tu, na barua zake zilikuwa kali kama pilipili kichaa. "Ukurasa wa nne, mstari wa tisa: aliyesema si mwenyekiti, ni katibu. Rekebisha." "Umeruka neno. Rekebisha." Siku moja alimwandikia: "Fungua macho unapokagua kazi yako!" Karani alicheka siku hiyo mpaka machozi yakamtoka, akamwita mkewe, akamsikilizisha barua ile mara tatu. Tangu apoteze macho hakuna mtu aliyewahi kumkaripia. Watu walimshika mkono kuvuka mahali pasipo na barabara, wakamsifu kwa kujua kunywa chai. Mhariri peke yake ndiye aliyemgombeza kama mtu mzima anayepaswa kujua anachofanya. Hata jina hili la Karani, ambalo mtaa ulimbandika tangu aanze kazi, lilitokana naye kwa namna fulani. Kabla ya hapo alikuwa "yule asiyeona."

"Twende kwa fundi," alisema mkewe.

"Kwanza nimpigie mwalimu."

Simu ya mwalimu ilikuwa imezimwa. Jumatatu hufundisha tangu asubuhi. Karani akaifunga kompyuta kama kitabu, akaitia kwenye mfuko, akamshika mkewe kiwiko, wakatoka.

Fundi alikuwa na kichumba chenye harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa na jasho la watu waliokuwa kwenye foleni. Karani hajavuka kizingiti sawasawa, mtu mmoja akamshika mabega kwa nyuma, akamzungusha, akamketisha kwenye benchi bila kumwuliza. Alikuwa mtu mwema. Karani akamshukuru, halafu akasimama tena, kwa sababu hakuja kukaa.

"Karibu, dada. Ina shida gani?" fundi aliuliza.

"Haisemi," alijibu Karani.

"Dada, spika zimekufa?"

"Mwenye kompyuta huyo," mkewe alisema. "Mwulize mwenyewe."

"Spika ni nzima," Karani alisema. "Kuna programu inayonisomea. Naiita kwa vitufe vitatu. Hadi juzi iliitika, leo haiitiki."

Fundi akapaza sauti, kama wafanyavyo wengi, kana kwamba upofu unakaa masikioni.

"SAWA MZEE! TUTAIANGALIA!"

Karani alikuwa na miaka thelathini na minane. Akasikia kompyuta ikifunguliwa, fundi akisema anakiongezea kioo mwanga, maana yeye alikiweka giza siku zote. Kioo kilikuwa kinakula umeme bure na hakikumfaa kitu. Akasikia vitufe vikigongwa kimoja kimoja, kuanzia juu kushuka chini.

"Vyote vinaandika," fundi alisema. "Kibodi haina ugonjwa. Eh, dada, picha nzuri hii. Ulikuwa mwembamba."

"Fanya kazi yako," mkewe alimkata, haraka kuliko ilivyohitajika.

Karani alidhani wanazungumzia picha ya kwenye simu.

"Hiyo programu inaitwaje, nikutafutie?"

Swali hilo lilikuwa jepesi, na Karani akakwama nalo. Mwalimu aliiita Msomaji. Mkewe aliiita mke mwenza. Yeye mwenyewe alibonyeza tu, ikaja. Miezi yote hiyo aliishi nayo sikio kwa sikio na hakuwahi kumwuliza mtu jina lake la ukoo.

"Mwalimu wangu aliiita Msomaji," alisema.

Fundi akaandika, akatafuta. "Humu hamna kitu kinaitwa Msomaji. Mzee, unatumia kitu hata jina hulijui?" Mtu mmoja kwenye foleni akacheka puani. Karani akahisi masikio yanapata moto. "Mimi naona ni virusi. Dawa yake ni kuifuta yote, tuipige upya. Saa tatu tu, inakuwa kama ya dukani."

"Na kazi iliyomo?" Karani aliuliza.

"Dada," fundi alisema, sasa kwa sauti ya chini, ile ambayo watu humtumia mlezi, "humu kuna vitu vya maana, au ni mambo yake tu ya kupotezea muda?"

Karani alisikia pumzi ya mkewe, akangoja amwakie fundi, maana alimjua. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Badala yake alisikia viatu vyake vikitoka nje.

"Nakuja," alisema akiwa mlangoni.

Karani alibaki amesimama na mkono wake mmoja juu ya meza ya fundi. Alieleza upya, polepole, kwamba kuna kurasa ishirini na tatu na zinatakiwa leo. Fundi akasema ndiyo, ndiyo, mzee, huku akimhudumia mtu mwingine aliyetaka chaja. Baada ya dakika kumi mkewe alirudi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kunawa uso.

"Ulikuwa wapi?"

"Kupunga upepo. Imekuwaje?"

"Anataka kuifuta."

"Hafuti kitu." Akaichukua kompyuta mezani, akaifunga kwa kishindo, akaitia mfukoni. "Asante, fundi. Mgonjwa wetu tutakwenda kufa naye nyumbani."

Njiani hakusema neno, na Karani alidhani ni hasira za kwa fundi.

Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Karani alijaribu kuandika gizagiza, bila kusomewa, kwa kukumbuka vitufe vilipo. Aliweza kuandika, mikono yake haikuwa na shida. Lakini hakuweza kuufikia ukurasa wa ishirini na tatu. Hakujua kama ukurasa umefunguka au anaandika hewani, na hakuweza kuifikia rekodi yenyewe. Mkewe alikaa kando yake akiwa macho yake. Alikuwa akimsomea kilichopo kwa kunong'ona: "Hapa kuna kidirisha kinasema kitu, nibonyeze ndiyo au hapana?" Wote wawili hawakujua. Mara moja alibonyeza ndiyo, kompyuta ikajizima. Wakaiwasha upya bila kulaumiana, jambo ambalo kwa ndoa ya miaka kumi na miwili lilikuwa dalili mbaya.

Kila nusu saa alimpigia mwalimu. Saa tisa kasoro dakika tano, simu yake ndogo ikaita yenyewe.

"Naona umenipigia mara sita," mwalimu alisema. "Yaani nimeambiwa. Mimi kuona, wapi na wapi."

Karani akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Tulia. Hivyo vitufe vitatu havijiendeshi vyenyewe. Vimefungwa kwenye kijipicha cha msomaji, kile kinachokaa pale mbele kompyuta ikiwaka. Kijipicha kikiondolewa, vitufe vimekufa. Havina pa kugonga. Uliza nani kakiondoa."

"Nani akiondoe? Kompyuta haiguswi na mtu hapa ndani."

"Basi kimejiondoa chenyewe, kimeoa," mwalimu alisema. "Uliza, ndugu yangu."

Karani akaishusha simu. Cherehani ilikuwa kimya. Chumba kizima kilikuwa kimya, na aliujua ukimya huo; haukuwa wa mtu asiye na jibu.

"Bibie," alisema, "pale mbele kwenye kioo, palikuwa na vijipicha?"

Mkasi ulisikika ukiwekwa mezani.

"Vidogovidogo?"

"Niliviondoa mimi," mkewe alisema. "Jana, ulipokwenda kusikiliza mpira kwa jirani. Sikujua vina kazi, naapa. Nilidhani ni mapambo waliyokuja nayo."

"Vilikukosea nini?"

"Kioo hukitumii. Nikasema angalau mimi nikitumie. Nikaweka picha yetu ya harusi, ile ambayo umegeuka unaniangalia. Unashinda umeziba masikio, mimi niko hapa nashona, nikiinua kichwa naona mgongo wako tu. Nikasema nitakuwa nakuongezea mwanga kidogo nikuone uso. Sasa vile vidude vilikuwa vimekuota usoni kama vipele. Kimoja kwenye jicho kabisa. Nikavitoa kimoja kimoja." Akavuta pumzi. "Pipa la taka lilikataa kutoka, nikaliacha."

Karani alitaka kukasirika, na haki hiyo alikuwa nayo. Siku nzima, fundi, benchi, mtu wa kucheka puani, vyote vilitokana na hapo. Lakini kitu kilimpanda kutoka tumboni, na kilipofika mdomoni kilikuwa kicheko.

"Yaani umemtupa mke mwenzio jalalani."

"Usinichekeshe, nimekuudhi."

"Umeniudhi sana. Mfukue. Mwalimu, bado upo hewani?"

Mwalimu alikuwepo, na alikuwa amesikia yote, naye akijikohoza kama mtu mwenye adabu. Akawaelekeza: fungua pipa, tafuta, gusa kwa upande wa kulia, chagua neno la kurudisha. Mkewe alikuwa na vidole vya kutia uzi kwenye sindano, lakini kile kipanya kilimtoroka mara tatu. Mara ya nne akasema, "Kimerudi. Kiko jichoni pako tena."

"Kiache hapo hapo, usikiguse," mwalimu alisema, akakata simu.

Karani akaviweka vidole vyake kwenye vitufe vitatu.

"Subiri," mkewe alisema. "Kuna jambo jingine nataka—"

Karani alishabonyeza. Sauti ikatoka, bapa na ya kigeni kama ilivyokuwa siku zote, na Karani akaipokea kama mtu aliyetolewa maji puani. Akaenda moja kwa moja kwenye barua pepe, kwa mazoea, kuangalia kama Mhariri amefoka. Ilikuwepo moja, ya saa tano asubuhi. Hakuwa amevaa vipokea sauti vya masikioni, kwa hiyo wote wawili waliisikia.

"Ndugu yetu," sauti ilisoma. "Mkeo ametupigia na kutueleza hali yako. Tumehuzunika sana, hatukujua. Muda usikusumbue kabisa. Leta kazi hata wiki ijayo, hata ikiwa nusu. Pumzika kwanza. Ukipata nafuu tuwasiliane."

Karani akabonyeza, ikasoma tena. *Ukipata nafuu.* Huyo alikuwa Mhariri. Hapakuwa na "rekebisha" hata moja.

"Namba uliipata wapi?"

"Kwenye barua ya mkataba wa miezi mitatu, kabatini. Niliinakili siku ile ile ulipoipokea, kwa dharura. Nilipokuwa pale kwa fundi, nilivyomsikia anavyokusema, nikaona siku inaisha na kazi inapotea. Sikuweza kuvumilia, mume wangu."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba huoni, na kompyuta imegoma. Nikamwomba akuongezee muda." Sauti yake ilianza kupasuka. "Mbona hukutaka wajue? Si aibu. Hujaiba."

"Si aibu," Karani alisema. "Alikuwa ananigombeza, wewe. Alikuwa ananigombeza vizuri."

Alijisikia mpweke kuliko alivyojisikia kwa miaka mingi, na mkewe yuko pale pale, magoti yake yakigusana na yake. Hakujua amlaumu kwa lipi. Alifanya ambalo mke yeyote mwema angefanya, na angefanya tena. Hilo ndilo lililomuuma.

"Saa ngapi?"

"Tisa na nusu."

Akavaa vya masikioni.

Dakika ishirini za watu wanaopigana maneno zingeweza kumla saa mbili. Alikuwa na saa moja na nusu. Aliandika mgongo ukiwa umepinda, akirudisha nyuma, akisikiliza, akienda mbele. Mwenyekiti anasema kaeni chini. Yule mwenye kikohozi anasema hakai. Mama wa ghorofa ya sita anasema amembeba mama yake mgongoni ngazi mia moja na nane, na hakuna hata mmoja wa wajumbe aliyefungua mlango kuuliza. Mkewe aligusa bega lake mara moja, akaweka kikombe cha maji karibu na mkono wake, akarudi kwenye kiti chake. Cherehani hakuigusa.

Kwenye ukurasa wa ishirini na sita alifika mahali ambapo watu watatu wanaongea kwa pamoja, na alijua kwamba amewachanganya. Maneno ya katibu aliyaweka kinywani mwa mweka hazina, na sentensi mbili hakuzisikia vizuri, akaziruka. Kwa siku ya kawaida angerudi. Leo hakuwa na dakika. Alijua kabisa ni ukurasa gani na ni mistari ipi, na alijua Mhariri ataikamata kabla hajavaa miwani.

Zilipobaki dakika nne kufika saa kumi na moja, aliituma. Kurasa ishirini na saba. Akaandika chini: "Kazi hii hapa, ndani ya muda. Nasubiri masahihisho."

Akavua vya masikioni, akaviweka mezani. Mkewe akaja, akasimama nyuma yake, akamwekea viganja mabegani, naye hakuviondoa.

"Umewahi?"

"Nimewahi."

"Watasemaje?"

"Ngoja tuwasikie."

Hawakungoja sana. Kompyuta ikalia kidogo, ile sauti ya barua kuingia. Hata dakika mbili zilikuwa hazijatimia. Akabonyeza, na yule mwanamke asiye na mwili akaanza kusoma.

"Hongera sana, ndugu yetu! Kazi nzuri mno, haina dosari hata moja. Hapa ofisini sote tumeguswa. Mkataba wako wa kudumu tutautuma kesho, na kuanzia sasa tutakuchagulia rekodi nyepesinyepesi. Wewe ni mfano kwetu sote."

Mkewe akapiga kigelegele kifupi, kisha akakizuia kwa kiganja, kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akamkumbatia kwa nyuma, shavu lake lenye machozi likiwa limekandamizwa kwenye shingo yake.

"Umesikia? Haina dosari! Umesikia, mume wangu?"

"Nimesikia," alisema Karani. "Hawajaisoma."